Kilo 380 juu ya meza: Kunyanyua rahisi, kushika ndiyo shughuli!

Chukua mifuko saba na nusu ya saruji. Ifunge pamoja, itilie magurudumu mawili, ijaze petroli na oili, kisha isimamishe juu ya meza ya chuma yenye upana wa sentimeta 60 hivi, kimo cha kiunoni. Sasa piga magoti pembeni, ingiza mikono na kichwa chini ya mzigo huo, uanze kufungua nati. Vipi mshikaji, bado una hamu?

Basi kuna watu huko Unyamwezini wanafanya hivyo kila wikiendi, tena kwa raha zao, muziki unapiga pembeni na kopo la soda liko kwenye stuli. Wengi wanamaliza salama na kwenda kuoga. Wachache wanamalizia hospitali. Kinachowatofautisha si misuli wala bei ya vifaa. Ni zile dakika kumi au kumi na tano za maandalizi kabla meza haijapanda hata sentimeta moja.

Leo tunazama huko huko, kwenye kuipandisha pikipiki kubwa ya safari ukiwa nyumbani kwako, bila kuvunja pikipiki wala kuvunjika mwenyewe. Na wewe uliyeko Bongo usifungue ukurasa wa pili haraka, maana lako lipo na linakuja.

DUDE LENYEWE

Pikipiki tunazozizungumzia si zile za bodaboda zinazokupitia hapo kijiweni. Ya bodaboda ina kilo mia na kitu, fundi akiamua anailaza chini, anamaliza kazi yake na kuinyanyua peke yake huku anapiga stori. Hizi za safari ndefu ni habari nyingine.

Mfano mzuri ni Honda Gold Wing. Ilianza kuuzwa mwaka 1975 ikiwa na piston nne na injini ya cc 999, watu wakaona hiyo ndiyo mwisho wa ukubwa. Kumbe ndiyo kwanza! Mwaka 1988 ikaja yenye piston sita na mtambo wa kurudi nyuma, kwa sababu mwenyewe akiisukuma kwa miguu anaweza kukesha. Toleo lililotoka mwaka 2018 lina cc 1,833, na ile ya Gold Wing Tour, yenye masanduku nyuma, inafika kilo 380 hivi ikiwa imejaa mafuta. Harley-Davidson nazo za aina ya Electra Glide zinacheza kwenye uzito huo huo. Kabati la kutembea!

Marekani zinapendwa kiasi kwamba Honda ilikuwa inaziunganisha huko huko, Marysville katika jimbo la Ohio, kuanzia 1980 hadi 2009. Na wanaozimiliki wengi hupenda kuzihudumia wenyewe. Tairi la nyuma linaisha, breki zinaisha, oili inatakiwa kubadilishwa, na majimbo ya baridi yana miezi kadhaa ya theluji ambayo pikipiki haitoki. Hapo ndipo mtu anaingia gereji.

Hili neno tuliweke sawa. Sisi tukisema gereji, tunaona mwembe, magari mabovu na vijana wenye ovaroli. Kule gereji ni chumba cha gari kilichoshikana na nyumba, sakafu ya zege, mlango mkubwa wa kupandisha juu. Ndani humo baba anaweka gari, baiskeli za watoto, ngazi, na kama ana pikipiki kubwa, anaweka na lifti yake. Mara nyingi yuko peke yake humo. Kumbuka hilo, peke yake, tutalirudia.

LIFTI ZA AINA MBILI

Aina ya kwanza ni meza. Ni bapa la chuma refu mita mbili na ushee, ambalo likishuka linabaki sentimeta 18 hivi kutoka sakafuni, na likipanda linafika kama sentimeta 75. Mbele lina jiliwa, ile mafundi wanaita vaisi, ya kubana tairi. Nyuma nyingi zina kipande cha kutolewa ili tairi la nyuma lishuke. Unaipampu kwa mguu, au kwa upepo wa kompresa.

Aina ya pili ni jeki ya chini, yenye mikono miwili ya chuma inayoingia chini ya fremu na kuinua pikipiki nzima, matairi yote yakaning'inia. Hii haichukui nafasi na ni nzuri kwa kazi ndogo. Harley za safari hazina stendi ya kati, zinaegemea stendi ya pembeni, kwa hiyo wenyewe huipenda sana jeki hii. Lakini inataka macho. Mikono ishike fremu, isishike sehemu ya kuhifadhia oili iliyoko katikati, ukikosea unapasua chombo chenyewe. Kwa Gold Wing, chini yake hakuko bapa, kuna mabomba ya moshi, hivyo wenye akili hutumia vipande maalumu vya kuunganishia ili mikono ifikie fremu vizuri.

Leo tutakaa zaidi na meza, kwa sababu ndiyo inayokwenda juu zaidi, na ndiyo inayowadanganya watu zaidi.

NGUVU ZA KUAZIMA

Kwa nini inadanganya? Kwa sababu inakupa ujiko usio wako. Unakanyaga pedeli kidogo kidogo, kama unapuliza tairi la baiskeli, na dude la kilo 380 linapanda taratibu kama lifti ya ghorofa. Unajiona Rambo.

Siri iko kwenye oili. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi miaka ya 1600, alieleza kwamba ukikandamiza maji au mafuta yaliyofungiwa, mkandamizo ule unasambaa kila upande sawa sawa. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah, ambaye pia alikuwa fundi wa makufuli, akaligeuza jambo hilo kuwa mtambo. Piston ndogo unaikandamiza wewe, oili inakwenda kusukuma piston kubwa. Kama kubwa ina eneo mara 50 ya ndogo, kilo 10 za mguu wako zinakuwa kilo 500 upande wa pili. Gharama yake ni kwamba unakanyaga mara nyingi ili kupata sentimeta chache.

Sasa sikiliza hapa. Oili ile imezuiwa na vipete vya mpira. Mpira unazeeka, unakwaruzika, unaingia uchafu. Siku unapovuja, kilo 500 zako za kuazima zinarudishwa kwa mwenyewe bila notisi. Ndiyo maana kila meza ya maana ina komeo, chuma kinachoingia kwenye meno ya mguu wa meza ili hata oili yote ikimwagika, meza isishuke. Kwa hiyo oili kazi yake ni kupandisha tu, kuushikilia mzigo huko juu ni kazi ya komeo. Mtu anayefanya kazi chini ya mzigo unaoshikwa na oili peke yake ameuweka uhai wake rehani kwa kipande cha mpira.

PIGA HESABU KWANZA

Kabla ya chochote, soma kibao cha meza. Nyingi za nyumbani zimeandikwa pauni 1,000, yaani kilo 453. Gold Wing yako ni 380, unasema poa, ninazo 70 za ziada. Sasa mchizi anapanda kukaa kwenye siti, eti anaishikilia isiyumbe wakati wewe unapampu. Mchizi ana kilo 80. Jumla 460. Meza tayari imezidiwa, na juu yake kuna mtu! Kanuni ni moja: wakati meza inapanda au kushuka, juu yake kuna pikipiki tu. Hakuna binadamu, hakuna masanduku yaliyojaa vifaa vya kambi.

Hesabu ya pili ni ya sakafu. Zege liwe sawa, lisiwe na mteremko wa kuelekea mlangoni. Meza nyingi zina matundu ya kufungwa na bolti sakafuni, na wenye busara huyatumia. Kama meza yako ina magurudumu ya kusogezea, yafunge au yanyanyue yasiguse chini.

Hesabu ya tatu ni ya moto. Gereji nyingi za kule zina boila ya kuchemshia maji inayotumia gesi, na nyingine zina kijimoto kinachowaka muda wote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama nyoka. Ukitaka kugusa mambo ya mafuta, zima moto huo na fungua mlango mkubwa.

KUPANDISHA MEZANI

Hapa ndipo kasheshe nyingi zinapoanzia, hata kabla meza haijanyanyuka. Kuna watu wanaiendesha pikipiki hadi mezani wakiwa wamekaa juu yake. Kumbuka meza ina upana wa sentimeta 60. Ukisimama juu yake ukataka kushusha mguu, mguu unatafuta ardhi na kukuta hewa. Pikipiki ikilala kidogo tu, hakuna wa kuizuia.

Njia ya uungwana ni watu wawili. Mmoja anasimama kushoto ameshika usukani, anaipandisha taratibu kwa gia ya kwanza huku klachi iko vidoleni. Mwingine yuko upande wa pili, mkono kwenye chuma cha nyuma, kazi yake kuhakikisha haiegemei upande wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hapandishi Gold Wing. Anayelazimika kuwa peke yake atumie winchi ndogo ya kuivuta kutoka mbele, tena baada ya kuifunga mikanda ya kando isianguke.

Tairi la mbele likishaingia kwenye jiliwa, libane. Jiliwa linazuia tairi lisigeuke. Halizuii pikipiki nzima isilale! Wengi hapo ndipo wanapotapeliwa na macho, wanaiona imesimama wima kama askari wa gwaride, wanaanza kupampu. Wewe chukua kipande cha mpira wa tyubu, funga mkono wa breki ya mbele ili ikae imekamatwa. Halafu njoo kwenye mikanda.

MIKANDA MINNE, SI MIWILI

Ile mikanda ya kufungia mizigo kwenye malori, yenye kikazio cha chuma, ndiyo inayotakiwa. Iwe mizima, isiwe imechanika pembeni.

Miwili ya mbele ianze kwenye chuma imara, kwa mfano kile kinachoshika shokapu za mbele chini ya usukani, au ngao za kukinga injini kama zimefungwa barabara kwenye fremu. Usifunge kwenye usukani wenyewe, na usipitishe juu ya plastiki, itakatika na utalia kwa bei yake. Mikanda ivute kwenda mbele, chini na nje, mmoja kushoto mmoja kulia, kama kamba za hema. Kaza upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka shokapu zibonyee kiasi. Usizibonyeze hadi mwisho. Ukibonyeza nusu, pikipiki inakuwa kama spiringi iliyokazwa, haina pa kwenda.

Miwili ya nyuma ishike fremu na kuvuta chini kila upande, ili mkia usicheze. Watu wengi huona ya mbele inatosha. Inatosha mpaka siku utakapovuta spana kwa nguvu kule nyuma!

Na jambo hili liwekee mstari: mikanda yote ifungwe kwenye meza yenyewe. Ukifunga kwenye ukuta au kwenye sakafu, meza ikipanda mkanda mmoja unakaza na mwingine unalegea, na wewe mwenyewe kwa mguu wako unaipampu pikipiki ianguke.

Sasa itikise. Shika sehemu ya nyuma ya siti, sukuma huku na huku. Pikipiki na meza zicheze pamoja kama kitu kimoja. Kama pikipiki inacheza peke yake, rudi kwenye mikanda.

Ikishakubali, fungua stendi ya pembeni irudi juu isije ikakwama, kisha pandisha sentimeta kumi tu. Simama. Itikise tena. Tazama mikanda. Kama mambo ni shwari, endelea hadi kimo unachotaka, weka komeo, na ushushe meza kidogo mpaka usikie chuma kimekaa juu ya chuma. Kuanzia hapo unaweza kuingiza mkono.

UKITOA TAIRI, UMETOA NA MIZANI

Umewahi kumwona muuza maji mwenye mti begani na ndoo mbili, moja mbele moja nyuma? Mwondolee ghafla ndoo ya nyuma uone ya mbele itakavyokwenda. Pikipiki ndiyo hivyo hivyo. Ukiondoa tairi la nyuma na masanduku, uzito unahamia mbele, inataka kuinamia pua. Ukiondoa tairi la mbele, mkia ndio unazama. Kwa hiyo kabla ya kutoa tairi, weka egemeo chini ya fremu, juu ya meza hiyo hiyo, na uhakikishe mikanda inavuta upande unaotaka kuinuka. Stendi ya kati ya Gold Wing Tour inasaidia sana, lakini haiondoi mikanda.

Halafu nati ngumu zilegeze pikipiki ikiwa bado chini. Gold Wing tangu toleo la 2001 inashikilia tairi la nyuma kwa mkono mmoja wa chuma na nati tano, kama gari. Nati hizo zimekazwa kisawasawa. Ukizipigia nguvu ukiwa huko juu, huwezi kujua kama kitakachokubali kwanza ni nati au ni pikipiki. Legeza robo mzunguko ukiwa chini, halafu huko juu unazimalizia kwa mkono laini. Wakati wa kurudisha ni kinyume chake, kaza kwa kiasi huko juu, ukimaliza kazi na pikipiki ikiwa chini ndipo ukaze kwa spana ya kipimo, kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu chake.

KUSHUKA KUNA WENYEWE

Kazi imeisha, umechoka, njaa inauma, mama watoto ameshaita mara mbili. Hapo ndipo mtu anafungua mikanda ikiwa bado juu, eti "inashuka tu." Hapana bwana! Mikanda haifunguliwi mpaka meza iwe imelala kabisa.

Zunguka kwanza. Chini ya meza hakuna spana, hakuna mguu, hakuna mtoto, hakuna paka. Pandisha kidogo ili komeo liachie, lifungue, kisha shusha polepole kwa kugusa pedeli, si kwa kuikanyaga mpaka mwisho.

Kuirudisha nyuma kwenye ngazi ya meza nako kuna somo. Ikirudi nyuma kwenye mteremko, uzito wote umekaa tairi la nyuma, la mbele limekuwa jepesi na breki yake inaweza kuteleza bila kukamata. Kwa hiyo zima injini, weka gia, na tumia klachi kama breki ya tairi la nyuma. Ukiibana inatembea, ukiiachia inasimama. Msaidizi wako yuko pale pale upande wa pili.

IKIAMUA KWENDA, IACHIE

Hili ndilo gumu kwa vidume. Pikipiki ikianza kulala, mwili wenyewe unaruka kuidaka. Umeilipia, umeing'arisha, unaipenda kuliko shemeji. Lakini hakuna mgongo wa binadamu unaozuia kilo 380 zinazoanguka kutoka kimo cha kiuno. Utachoongeza ni mgongo wako kwenye orodha ya vitu vilivyovunjika. Ruka nyuma, elekea upande isikolalia, iache ipige kelele zake. Plastiki inauzwa, kioo kinauzwa, hata injini inauzwa. Nyonga haina dukani.

Ndiyo maana tulisema tutalirudia lile neno, peke yake. Mtu aliyebanwa na mzigo huo hawezi kujinasua, na mlango mkubwa ukiwa umefungwa jirani hasikii. Kama huna msaidizi, basi angalau mwambie mtu wa ndani kwamba unaanza kazi, na simu iwe mfukoni, isiwe imechajiwa kule mezani.

NA HUKU BONGO JE?

Utasema, sasa mimi wa Tandika na Gold Wing wapi na wapi? Kweli, meza hizo huku ni za kuhesabu. Lakini jeki zimejaa kila kona, na jeki ina tabia ile ile, oili na kipete cha mpira. Pita gereji yoyote leo, utaona miguu miwili imetoka chini ya gari, gari limeshikwa na jeki peke yake, tairi la akiba liko pembeni halina kazi. Ukiuliza unaambiwa, "Dakika mbili tu, natoka." Oili ikiamua kuvuja haijali kama wewe ni fundi wa kweli au fundi maiko.

Stendi za chuma za kuwekea gari zinapatikana. Kwa asiye nazo, gogo nene na imara chini ya chesesi ni afadhali kuliko hewa tupu, na lile tairi la akiba lisukumwe chini ya gari nalo lifanye kazi. Usiweke tofali, tofali linapasuka ghafla bila kuaga.

Kwa hiyo mshikaji, iwe ni Harley kule Ohio au Corolla ya bosi hapo Tandika, swali ni lile lile kabla hujaingiza kichwa: hiki kitu kimenyanyuliwa, sawa, lakini kimeshikwa na nini? Kama huna jibu la chuma au la gogo, toka kwanza ukalitafute.

Tuonane wiki ijayo, mkiwa na viungo vyote. Alamsiki!